Bangi na Dawa za Moyo katika Historia ya Tiba ya Pwani ya Bagamoyo: Mfano wa Kerege

Utangulizi

Hatari ya kutumia bangi pamoja na dawa za moyo kwa kawaida huelezwa kwa lugha ya famasia. Moshi wa bangi huongeza kasi ya mapigo ya moyo. Kemikali zake hugombea vimeng'enya vya ini ambavyo ndivyo vinavyovunja dawa kadhaa za moyo. Mgonjwa hubaki na dawa nyingi mwilini kuliko ilivyokusudiwa, au pungufu. Maelezo hayo ni sahihi na yatajadiliwa hapa chini. Hata hivyo, hayajibu swali ambalo ni la mwanahistoria. Imekuwaje, katika pwani ambako bangi imevutwa tangu kabla ya ukoloni na ambako dawa za moyo zimetolewa kwa miongo mingi, vitu hivi viwili vikaishi katika nyumba moja, na mara nyingine katika mwili mmoja, bila kukutanishwa katika chumba cha daktari?

Insha hii inatetea hoja kwamba utengano huo ulitengenezwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 bangi ilikabidhiwa kwa polisi na kwa hospitali za wagonjwa wa akili. Katika kipindi hichohicho, madaktari wa kikoloni walikuwa wakiandika kwamba moyo na mishipa ya damu ya Mwafrika haipatwi na maradhi yaliyowaua Wazungu. Bangi ikawa jambo la kichwa na la jinai, moyo ukaachwa nje ya mjadala. Dawa za moyo zilipoanza kutolewa kwa watu wengi, zilikuta mgawanyo huo umekwisha kukamilika. Hatari inayomkabili mgonjwa wa leo ni ya kikemia, lakini inakuzwa na ukimya wenye historia.

Hoja hiyo inapimwa kwa kuitazama Kerege, kata ya Wilaya ya Bagamoyo iliyo kando ya barabara itokayo Dar es Salaam, baina ya Mapinga na Zinga. Kerege haikuchaguliwa kwa madai kwamba watu wake wanavuta bangi kuliko wengine. Imechaguliwa kwa sababu historia tatu zinapita hapo: misafara ya karne ya 19 iliyoanzia Kaole na Bagamoyo, mpango wa serikali wa makazi ya vijiji wa miaka ya 1960, na kupanuka kwa jiji la Dar es Salaam kuelekea kaskazini. Kijana aliyepewa shamba la makazi Kerege kabla ya mpango ule kusitishwa mwaka 1966, kama yu hai, ana umri wa kumeza dawa za presha kila asubuhi. Kijana aliyehamia juzi kutoka Dar es Salaam kuja kujenga nyumba anaweza kuwa na vali ya moyo ya kutengenezwa. Wote wawili wanahudumiwa na mfumo uleule wa afya, na wote wawili hawaulizwi swali lilelile.

Mmea wa mbele ya nyumba

Jina lenyewe linaonyesha njia. Neno bangi lilivuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi, na mmea ulikuja kwa njia hiyohiyo ya majahazi iliyoleta viungo na vitambaa. Lakini jambo moja halikutoka ng'ambo. Huko India bangi ililiwa na kunywewa kwa wingi, ikichanganywa na maziwa na viungo. Afrika Mashariki iliifanya kitu cha kuvutwa. Mabaki ya viko yaliyofukuliwa Ethiopia, ambayo Nikolaas van der Merwe aliyapima katika miaka ya 1970, yana alama za bangi na ni ya karne ya 14 hivi. Tofauti hii ina uzito wa kitabibu. Bangi inayoliwa huchukua saa moja au zaidi kufika kwenye damu, na hufika kidogokidogo. Inayovutwa hufika ndani ya dakika chache, nayo huufikia moyo kwa kishindo. Mwenendo wa moyo wa mvutaji wa Kerege umetokana na uamuzi wa watu wa kale wa kutumia kiko badala ya chungu.

Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani karibu na Kaole mwaka 1857, waliwakuta watu wa nyanda za chini wakiotesha bangi mbele ya nyumba zao. Kitabu cha Burton kilichochapishwa mwaka 1860 kinaeleza kwamba Waarabu waliuvuta mmea huo pamoja na tumbaku, ilhali Waafrika waliuvuta peke yake, kwa viko vikubwa vya maji. Burton si shahidi wa kuaminiwa kwa kila jambo. Dharau yake kwa watu aliowaandika inajulikana vya kutosha. Lakini hakuwa na sababu ya kubuni mahali ulipooteshwa mmea, na mahali hapo ndipo penye maana. Mmea unaooteshwa mbele ya nyumba haufichwi. Majirani, wageni na viongozi wa mji wanauona, na mzee anaweza kuulizwa kuuhusu bila kutazama nyuma.

Waliouvuta kwa wingi zaidi njiani walikuwa wapagazi. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kwingineko. Chris Duvall, katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu asili za Kiafrika za bangi, anaonyesha kwamba mmea huu ulisambaa barani pamoja na kazi ngumu za kulazimishwa au za ujira mdogo: utumwa, upagazi, machimbo. Aliyeuvuta aliutumia kustahimili uchovu na njaa. Watumiaji wanaoonekana katika kumbukumbu hizo ni vijana wa kiume wenye misuli ya kubeba meno ya tembo. Moyo wao ulistahimili kasi ya mapigo kwa sababu ulikuwa moyo wa ujana, na wengi wao hawakuishi hadi moyo huo uzeeke. Ili bangi na ugonjwa wa moyo vikutane, ilibidi kwanza watu wa pwani waanze kuishi miaka mingi zaidi.

Fedha za misafara hiyohiyo zilijenga hospitali. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyewauzia wasafiri bidhaa na kuwatafutia wapagazi, alitoa fedha za hospitali iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1897, mwaka aliofariki. Hospitali ya Sewa Haji ndiyo iliyotangulia Hospitali ya Princess Margaret ya mwaka 1956, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Jina lake lingali kwenye jengo moja la wodi hapo. Ni katika eneo hilohilo la Muhimbili ambapo leo kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na ndipo mgonjwa wa moyo wa Kerege anapopelekwa hali yake inaposhindikana kwingine. Kiuchumi, basi, bangi ya mpagazi na kitanda cha mgonjwa wa moyo vina babu mmoja. Kitabibu, havikuwahi kutambulishwa.

Bangi inapelekwa kichwani

Serikali ya Kiingereza nchini India iliunda tume ya kuchunguza bangi mwaka 1893. Tume iliwasikiliza mashahidi zaidi ya 1,000 na kutoa ripoti ya majuzuu saba. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuchunguza daftari za hospitali za wagonjwa wa akili, ambako makarani walikuwa wakiandika bangi kuwa chanzo cha wazimu pasipo ushahidi wowote isipokuwa kwamba polisi waliomleta mgonjwa walisema hivyo. Tume iligundua udhaifu huo na kuuandika wazi. Ikahitimisha kuwa matumizi ya wastani hayana madhara makubwa kwa watu wengi.

Hitimisho hilo halikudumu, lakini swali lililoulizwa lilidumu: je, bangi inatia wazimu? Mwaka 1923 Afrika Kusini iliomba Shirikisho la Mataifa liijumuishe bangi katika orodha ya dawa za kudhibitiwa kimataifa. Katika mkutano wa Geneva wa 1924 na 1925 mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, alishikilia ombi kama hilo, na akaeleza madhara ya hashishi hasa kwa mujibu wa akili na utu wa mtumiaji. Mkataba wa Februari 1925 uliiingiza bangi ya India katika udhibiti. Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza, ilifuata mkondo huo kupitia amri za kikoloni kuhusu dawa hatari na kuhusu kilimo cha mimea yenye madhara. Mmea uliokuwa mbele ya nyumba ukahamia nyuma ya mahindi.

Kwa upande wa tiba, taasisi iliyopewa nafasi ya kuitazama bangi ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili: Lutindi katika milima ya Usambara tangu enzi ya Wajerumani, kisha Mirembe ya Dodoma chini ya Waingereza. Hapa panahitaji tahadhari ya kimbinu. Bangi inaweza kuchochea maradhi ya akili kwa baadhi ya watu, na insha hii haipingi jambo hilo. Kinachopingwa ni mpaka uliowekwa. Daktari wa akili alimuuliza mgonjwa wake kuhusu bangi kwa sababu fani yake ilimfundisha kuuliza. Daktari wa tiba ya kawaida hakufundishwa hivyo, na polisi aliuliza kwa nia nyingine kabisa. Mpaka huo umedumu kupita mkoloni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, sheria ya Tanzania ya mwaka 1995 iliyofuta amri za kikoloni, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 vimeongeza nguvu za udhibiti, vikaunda tume na baadaye mamlaka kamili. Lakini havikuandikwa kwa ajili ya kliniki ya presha, na havikuibadilisha.

Moyo uliodhaniwa hauugui

Mwaka 1929 C. P. Donnison, daktari wa serikali katika hifadhi za wenyeji karibu na Ziwa Viktoria nchini Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika wapatao 1,000. Kwao, tofauti na Wazungu, shinikizo halikupanda kadiri umri ulivyosonga. Liliweza hata kushuka. Matokeo hayo huenda yalikuwa sahihi kwa watu wale na wakati ule. Tatizo lilikuwa namna yalivyogeuzwa kuwa sifa ya Mwafrika badala ya sifa ya maisha fulani. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa miongo mitatu, aliandika mwaka 1956 kuhusu mgonjwa mmoja wa mishipa ya moyo kama tukio la kustahili kuchapishwa, na mwaka 1960 akatoa kitabu kizima kuhusu maradhi yasiyoambukiza Afrika, ambamo uchache wa maradhi ya moyo wa aina ya Ulaya ni mada kuu.

Si kwamba wodi hazikuwa na wagonjwa wa moyo. J. N. P. Davies alikuwa amekwisha kueleza huko Kampala, katika miaka ya 1940, ugonjwa unaofanya utando wa ndani wa moyo uwe mgumu kama ngozi iliyokauka. Homa ya baridi yabisi ilikuwa ikiharibu vali za moyo za watoto na vijana kote Afrika Mashariki. Lakini hawa walihesabiwa kuwa wagonjwa wa nchi za joto, na matibabu yao yalikuwa machache: kitanda, dawa za kukojoza, na digitalisi, dawa ambayo William Withering wa Uingereza aliieleza mwaka 1785 baada ya kuipata kwa mganga wa mitishamba. Inafaa kukumbukwa kwamba dawa kongwe kuliko zote za moyo nayo ilikuwa jani.

Mabadiliko yalikuja bila kelele. Uchunguzi uliofanywa katikati ya miaka ya 1990 mtaani Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji kimoja cha Hai, ukachapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watu wazima wa mjini na zaidi ya robo ya wale wa kijijini walikuwa na shinikizo la juu la damu. Katika hao wenye shinikizo, chini ya mmoja kati ya watano alijijua. Hali ambayo Donnison hakuiona ilikuwa sasa ya kawaida. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanzishwa mwaka 2015. Katika muda wa kizazi kimoja dawa za moyo zimetoka wodini zikaingia kwenye droo za nyumbani. Vidonge vya presha, vidonge vya kuzuia damu kuganda na vidonge vya kupunguza mafuta ya damu viko leo katika nyumba za Kerege, pembeni ya kila kitu kingine ambacho watu wa nyumba hizo hutumia.

Mwili unaovichukua vyote viwili

Mwaka 1964 Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni walitenga kemikali ya THC, ambayo ndiyo hasa inayolevya. Miaka minane baadaye watafiti wa London wakiongozwa na Peter Beaconsfield waliwapa watu wenye afya bangi ya kuvuta, na wengine wakapewa kwanza propranololi, dawa ya moyo iliyokuwa ngeni wakati ule. Propranololi ilipunguza kupanda kwa mapigo. Kihistoria jaribio hili linafundisha jambo: bangi na dawa ya moyo zilipokutana kwa mara za kwanza katika maabara, dawa ilikuwa chombo cha kuuelewa mmea. Mgonjwa anayetumia vyote viwili kwa mahitaji yake mwenyewe hakuwemo.

Aliingia mwaka 1974. Wilbert Aronow na John Cassidy wa Marekani waliwachunguza wanaume kumi wenye maumivu ya kifua yatokanayo na mishipa ya moyo iliyoziba. Baada ya kuvuta msokoto mmoja tu wa bangi, muda ambao wangeweza kufanya mazoezi kabla ya maumivu kuanza ulipungua kwa karibu nusu. Sababu ni mbili na zinafanya kazi pamoja: mapigo yanayokwenda mbio huutaka moyo utumie oksijeni zaidi, na moshi huipunguza oksijeni inayobebwa na damu. Mwaka 2001 Murray Mittleman na wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 3,882 waliopata shambulio la moyo, 124 kati yao wakiwa watumiaji wa bangi. Uwezekano wa shambulio kuanza ndani ya saa moja baada ya kuvuta ulikuwa mara 4.8 ya uwezekano wa kawaida wa mtu yuleyule. Waliovuta ndani ya saa hiyo walikuwa tisa tu, hivyo namba hiyo isibebeshwe uzito kupita uwezo wake.

Kwa mgonjwa wa presha hatari ina sura nyingine. Neal Benowitz na Reese Jones walionyesha mwaka 1975 kwamba THC inapotumiwa kila siku kwa majuma kadhaa, mwili huzoea: mapigo hupungua badala ya kupanda, na shinikizo la damu hushuka, hasa mtu anaposimama. Mzee anayemeza dawa mbili za presha na kuvuta jioni anaweza kuinuka kitini akaona giza na kuanguka. Kwa kuwa amezoea kuambiwa kwamba ni uzee, hatamtaja mhalifu mwingine. Na mgonjwa ambaye mapigo yake hayana mpangilio, aliyepewa digoksini au propranololi ili yapunguzwe kasi, huyarudisha juu kwa msokoto mmoja. Daktari akiyaona yamepanda ataongeza dozi.

Warfarini ndiyo yenye hatari iliyo wazi kuliko zote. Dawa hii ilizaliwa kutokana na ng'ombe wa Marekani waliotokwa damu hadi kufa baada ya kula majani yaliyooza. Maabara ya Karl Paul Link huko Wisconsin iliitafuta kemikali iliyohusika. Mwaka 1948 ikauzwa kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Nafasi iliyopo kati ya dozi inayokinga na dozi inayodhuru ni finyu. Ikizidi, mgonjwa hutokwa damu tumboni au kwenye ubongo. Ikipungua, damu huganda juu ya vali na kusababisha kiharusi. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa INR mara kwa mara, kiwango kinachotakiwa kikiwa baina ya 2 na 3 kwa wengi, na juu kidogo kwa baadhi ya wenye vali za chuma.

Sehemu kali ya warfarini huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2C9, ambacho pia hushughulikia THC, na ambacho huzuiwa na kanabidioli, kemikali nyingine ya bangi. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2009 inamhusu mwanamume wa Marekani mwenye vali ya kutengenezwa, aliyekuwa ametumia warfarini kwa miaka mingi. Alilazwa mara mbili kwa kutokwa damu, INR yake ikiwa imepita 10. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa ameongeza kuvuta bangi. Taarifa nyingine ya mwaka 2018, ya mgonjwa aliyepewa kanabidioli kwa ajili ya kifafa, inaeleza kwamba dozi yake ya warfarini ilibidi ipunguzwe kwa karibu theluthi moja.

Upo ugumu ambao maelezo mepesi huuruka. Moshi wenyewe, wa bangi au wa tumbaku iliyochanganywa nayo, huamsha kimeng'enya kingine, CYP1A2, kinachovunja sehemu dhaifu ya warfarini kwa kasi zaidi. Yaani kemikali za mmea huvuta upande mmoja na moshi wake upande mwingine. Msokoto hauna dozi iliyoandikwa, na wa juma hili si sawa na wa juma lililopita. Kwa hiyo anayevuta kiasi kilekile kila siku, na dozi yake ya warfarini ikapangwa kwa vipimo vilivyochukuliwa akiwa katika hali hiyo, anaweza kukaa salama kwa muda mrefu. Kinachomtia hatarini ni badiliko: kuanza, kuongeza, au kuacha. Hoja hii ni muhimu katika pwani, kama itakavyoonekana.

Neno dawa katika chumba cha daktari

Kiswahili kina neno moja, dawa, kwa kidonge cha hospitali, kwa mizizi ya mganga, kwa sumu ya kuua wadudu shambani, na kwa kile ambacho sheria huita dawa za kulevya. Upana huo ungeweza kusaidia, kwa kuwa swali moja lingefungua milango yote. Kimatumizi limefanya kinyume. Mganga wa kliniki anapouliza, «Unatumia dawa gani nyingine?», mgonjwa husikia vidonge na, akiwa mkweli, mitishamba. Bangi kwake ni sigara, ni starehe, au ni usingizi; akiitwa mtumiaji wa dawa za kulevya atahisi ameshtakiwa. Naye mganga akiuliza kwa istilahi ya sheria amekwisha kuvaa sare. Majina ya mtaani, kama vile ndumu, msuba au jani, yapo na kila mtu anayajua, lakini hayaandikwi katika faili.

Ulinganisho na mitishamba unafaa. Zamani mgonjwa aliificha nayo. Taasisi ya Tiba Asili ilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ikampa mganga usajili. Leo kumuuliza mama mzee wa Kerege kama anakunywa mwarobaini hakumwaibishi. Ulinganisho wa pili ni wa heroini. Mwaka 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, hasa kwa msukumo wa mapambano dhidi ya Virusi vya Ukimwi. Methadoni inaweza kuvuruga mfumo wa umeme wa moyo, hivyo mtoaji wake hana budi kuufikiria moyo wa mtu ambaye sheria inamwona mhalifu. Mlango huo ulifunguliwa bila sheria kufutwa. Mvutaji wa bangi hakufunguliwa mlango wa namna hiyo, pengine kwa sababu kilevi chake hakikuhusishwa na janga ambalo wafadhili walikuwa tayari kuligharimia.

Kerege: badiliko la kawaida

Kerege iko karibu zaidi na Bagamoyo kuliko na Kariakoo, lakini mgonjwa wa vali hutazama kusini. Kituo cha karibu kitampa dawa ya presha. Kipimo cha INR na daktari wa kukisoma viko mbali zaidi, na safari ina nauli na siku nzima ya kazi. Hivyo katikati ya vipimo kuna majuma ambayo mgonjwa anajitazama mwenyewe.

Katika majuma hayo ndipo desturi za pwani huingia. Kerege ina Waislamu wengi, na katika mwezi wa Ramadhani mvutaji, hata yule ambaye mwaka mzima hakukosa, huacha mchana, na wengi huacha kabisa hadi Idi. Mlo nao hubadilika: futari na daku huchukua nafasi ya milo ya kawaida, mboga za majani zenye vitamini K, ambazo hupinga kazi ya warfarini, huongezeka au kupungua, na saa ya kumeza kidonge husogezwa. Kwa mujibu wa yaliyoelezwa juu kuhusu badiliko, INR ya mtu huyo inatarajiwa kusogea mara mbili: mwanzoni mwa mfungo na tena baada ya Idi anaporejea kuvuta. Msako wa polisi unaoikausha bidhaa mtaani huleta badiliko hilohilo bila kalenda.

Daktari anayempokea mwezi wa Shawwal hukuta kadi yenye tarehe, INR na dozi. Akiona INR imepanda atauliza kuhusu dawa za maumivu, dawa za malaria na pombe, kama alivyofundishwa. Atauliza kama mgonjwa alisahau vidonge wakati wa mfungo. Mgonjwa atajibu kwa ukweli kwamba hakusahau hata kimoja. Dozi itapunguzwa, tarehe mpya itaandikwa, na mgonjwa atapanda basi la Bagamoyo akiwa na dozi iliyopangwa kwa mwili wa mtu anayevuta, bila aliyeipanga kulijua hilo.